Namna ya kulitafutia kwao jina la ukoo la Kijerumani

Kwetu Rabai kuna nyumba mbili za wamisionari wa kizungu wa kale ambazo watoto wa shule hupelekwa kuzitazama: ya Krapf na ya Rebmann. Bibi yangu alikuwa akisema "Rebumani", nami nikakua nikidhani ni cheo, kama liwali au mudiri. Miaka mingi baadaye nikajikuta nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee magharibi ya Stuttgart, mwendo mfupi wa treni kutoka Gerlingen, mahali alipozaliwa Johannes Rebmann mwaka 1820. Asubuhi moja nilikuwa namnyoa ndevu mzee wa hapa hapa, nikamwuliza hilo jina maana yake nini. Akanyoosha kidole dirishani. Nje kulikuwa na kilima, na ubavu wote wa kilima ni mizabibu. "Rebe ni huo mmea," akasema. "Mann unamjua."

Mkulima wa mizabibu! Mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, alibeba jina la jembe la babu zake. Siku hiyo nilianza kusoma vibandiko vya majina milangoni kwa jicho lingine. Zamu ya usiku ni ndefu, na wazee wakishalala nina simu yangu na chai. Leo hii ndugu na jamaa wananiletea majina: dada aliyeolewa Dortmund anataka kujua hilo alilopewa na mume limetoka wapi, kijana wa Tanga ana babu mkuu aliyekuwa Mjerumani, na kilichobaki ni jina lililoandikwa nyuma ya picha. Nimechoka kueleza kwa ujumbe wa sauti. Hapa naandika mara moja ninavyofanya.

Anza na karatasi

Kabla ya kugusa intaneti, andika jina kwa kila sura ambayo limewahi kuvaa. Wengi huruka hatua hii, kisha wananiambia jina lao "halipo".

Nukta mbili juu ya herufi ndizo za kwanza kupotea. Ü huandikwa ue, au huvuliwa nukta ikabaki u tupu. ß hugeuka ss. Aliyevuka bahari kwenda Marekani aliweza kupoteza zaidi ya hapo: Müller wengi huko ni Miller, na Rebmann wako wanaojiandika Rebman kwa n moja. Vitabu vya kanisa navyo vina mitego yake. Karani aliyechoka hakuandika n mbili. Aliandika moja akaichora mstari juu, na mstari huo ndio n ya pili. Asiyejua husoma Rebman na kuapa kwamba ukoo ulibadili jina.

Halafu kuna wanawake. Zamani, hadi karne ya 18 na kwingine hata baadaye kidogo, jina la ukoo la mwanamke liliongezewa -in mwishoni. Binti wa Müller ni Müllerin. Binti wa Rebmann anaweza kukutokea kama Rebmännin, na nukta mbili zimechomoza ambazo baba yake hana. Ni mtu wa ukoo ule ule. Usifungue ukoo mpya kwa ajili yake.

Chini ya majina hayo andika dini ya familia, Mlutheri au Mkatoliki, kama inajulikana. Kwa sasa itaonekana haina kazi. Baadaye ndiyo itakayoamua ni vitabu gani unafungua.

Tuko wangapi?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu huja nalo, na ndilo lenye majibu mengi ya ovyo. Ujerumani haina orodha rasmi ya serikali inayosema jina fulani la ukoo lina watu kadhaa. Kwa hiyo kila namba unayoona imetoka mahali pengine, na kazi yako ni kuuliza: waliohesabu walihesabu nini?

Mara nyingi walihesabu simu. Watafiti wakubwa wa majina ya ukoo ya Kijerumani, Konrad Kunze na Damaris Nübling, walitumia laini za simu za nyumbani za Deutsche Telekom za mwaka 2005 kutengeneza atlasi yao ya majina yenye juzuu saba, iliyotoka kati ya 2009 na 2018. Data hizo hizo ndizo msingi wa kamusi ya majina ya ukoo ya mtandaoni ya Akademia ya Sayansi na Fasihi ya Mainz, inayojulikana kwa kifupi DFD, ambayo ni bure na imekuwa ikijengwa tangu 2012. Mimi huanza hapo. Unaandika jina, unapata idadi ya laini, nafasi yake katika msururu wa majina yote, ramani, na kama jina limeshafikiwa, maelezo ya asili yake. Majina ya kawaida yameshaelezwa; la nadra linaweza kuwa na ramani tu.

Sasa, laini ya simu ni nyumba, haina maana ya mtu mmoja. Mwaka 2005 Ujerumani ilikuwa na watu kama milioni 82, na laini za nyumbani katika data hizo zilikuwa kama milioni 28. Gawanya, utapata watu karibu 2.9 kwa kila laini. Müller, jina linaloongoza, lina laini zaidi ya laki mbili na nusu, ndiyo maana husemwa kwamba akina Müller ni kama laki saba. Jina lako likiwa na laini 34, zidisha kwa 2.9: ni 98 na kidogo, yaani watu kama mia. Lakini usiandike 98! Kwa Müller makosa madogo yanamezana. Kwa jina lenye laini 34, ajuza anayeishi peke yake na nyumba yenye watoto watano wanaweza kuipindua hesabu yako. Mimi huandika "kati ya 70 na 130" na moyo wangu unatulia. Laini zikiwa chini ya kumi, siandiki idadi yoyote. Naandika "nyumba chache" na kurudi kwenye ile karatasi ya tahajia.

Kumbuka pia waliokosekana: wenye simu ya mkononi tu, waliohamia kampuni nyingine ya simu, na mke aliyebaki na jina lake huku laini ikiwa ya mume. Na kwa jina la nadra kuna jambo jingine tena. Hadi mwaka 1976 sheria ya Ujerumani Magharibi ililazimisha jina la mume liwe jina la familia. Kwa hiyo ukoo mdogo uliojaliwa mabinti watupu ulizimika jina, ingawa damu ipo tele. Jina lenye nyumba nane leo huenda lina wajukuu mia tatu waitwao mengine.

Tovuti zinazokupa hesabu ya dunia nzima, nchi kwa nchi hadi mtu wa mwisho, nazitazama kama ninavyotazama bei ya kwanza ya muuza samaki. Ni makadirio. Zinasaidia kujua kwamba jina lipo Brazili au Afrika Kusini, basi.

Ramani na uongo wake

Ramani ni mbili, na ukichanganya moja na nyingine umepotea. Ramani ya idadi tupu huonyesha laini ngapi ziko kila wilaya. Kwa karibu kila jina itawaka Berlin, Hamburg na München, kwa sababu huko ndiko watu walikojazana. Ramani ya uwiano hugawa laini hizo kwa wakazi wa wilaya. Hebu tufanye hesabu: Berlin ina laini sita za jina lako kati ya watu milioni 3.4, hiyo haifiki hata mbili kwa kila milioni. Wilaya moja ya milimani ina laini tatu kati ya watu 60,000. Hiyo ni 50 kwa milioni. Nauli yako ya kwanza ni ya kwenda milimani.

Ila ramani ya uwiano nayo ina uchawi wake. Wilaya ndogo yenye nyumba moja tu, ya mwalimu aliyehamishiwa huko juzi, itakolea rangi kama moto. Kwa hiyo mimi hutazama zote mbili na kutafuta wilaya zinazogusana. Doa moja jekundu peke yake halinishtui. Madoa matatu yaliyoshikana mikono, hata kama yamepauka, hapo nasimama. Kama DFD haikuridhishi, ramani ya Geogen nayo hufanya kazi hiyo hiyo wilaya kwa wilaya.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Tulikuwa na bibi mmoja chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, jina lake la nadra kabisa, silitaji. Nikamchapishia ramani, nimejaa furaha: jina limejikusanya Niedersachsen, kaskazini. Nikamwambia, bibi, nimekuonea kwenu. Akaitazama muda mrefu, akanirudishia karatasi. "Hapo ndipo treni ilipotushusha," akasema.

Alizaliwa Silesia, ambayo sehemu yake kubwa leo iko Poland. Baada ya vita mwaka 1945 na miaka iliyofuata, Wajerumani kama milioni 12 waliondolewa au walikimbia kutoka Silesia, Pomerania, Prussia Mashariki, Bohemia na kwingineko, wakasambazwa kwenye vijiji vilivyokuwa na nafasi. Simu za 2005 zinaonyesha waliposhuka. Kwa hiyo kila ramani ya sasa iulize: je, jina hili limetapakaa vipande vidogo vidogo nchi nzima bila kitovu? Hiyo mara nyingi ni alama ya jina la mashariki ambalo kitovu chake kimebaki nje ya mipaka ya leo.

Kabla ya 1945

Dawa ya tatizo hilo ni orodha za majeruhi na waliokufa wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi lilizichapisha wakati wa vita, na wanachama na marafiki wa chama cha watafiti wa koo kwa kompyuta, Verein für Computergenealogie, wamezinakili kwa mikono yao hadi zikatimia maingizo karibu milioni 8.5. Kutafuta ni bure. Unaandika jina la ukoo, na mbele ya askari wengi unaona mahali walipotoka. Kwa jina la nadra ni hazina: huenda ukapata mistari kumi na mbili, na tisa kati yake ni vijiji vya wilaya moja.

Tahadhari mbili. Aliyetajwa si lazima awe amekufa. Wamo waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa. Na askari mmoja aliweza kujeruhiwa mara tatu akaandikwa mara tatu. Tumia orodha hii kujua wapi, usiitumie kujua wangapi.

Ukishapata jina la kijiji, usikimbilie ramani ya simu yako. Neudorf, yaani kijiji kipya, ziko kadhaa wa kadhaa, na vijiji vya Silesia leo vina majina ya Kipolandi. Fungua kamusi ya miji na vijiji ya Meyer, toleo la 1912, ambayo ipo mtandaoni bure. Kila kijiji cha dola ya wakati ule kimo, na inakwambia wilaya, kanisa lililo karibu, na ofisi iliyosajili vizazi na vifo vya kijiji hicho. Kwa mashariki ongeza tovuti ya Kartenmeister, inayokupa jina la Kijerumani na la Kipolandi bega kwa bega.

Bibi wa chumba cha mwisho kijiji chake nilikipata kwa njia hii. Hakulia wala nini. Alinisahihisha matamshi.

Maana ya jina, sasa

Nimeliweka suala la maana huku nyuma makusudi. Watu huanza nalo na kuangukia hadithi. Mahali pakijulikana, maana hujipunguza yenyewe kutoka tano hadi moja.

Majina mengi ya Kijerumani yalianza kushika kwenye miji ya kusini na magharibi tangu karne ya 12, na yana mashina machache. Lipo la kazi: Schmidt mhunzi, Schneider mshona nguo, Fischer mvuvi. Lipo la baba: Petersen ni wa Peter. Lipo la mahali, lipo la makazi kama Bach, mtu wa kijitoni, na lipo la utani, kama Klein, mdogo, au Krause, mwenye nywele za kipilipili.

Rebmann ni la kazi, na hapa mkoa ndio mwalimu. Mkulima wa mizabibu haitwi hivyo kote. Ukanda wa juu wa mto Rhein, Baden, Alsace na Uswisi walisema Rebmann, na katika miji kama Freiburg walikuwa na chama chao cha mafundi kilichoitwa cha Rebleute. Württemberg walipenda zaidi Weingärtner, au Wengerter kwa lahaja yao. Franken ni Häcker, kwa kuwa analima kwa jembe. Bavaria na Austria kuna Weinzierl. Sehemu nyingine Winzer. Kazi moja, majina matano. Kwa hiyo ukimkuta Häcker, kabla hujasema neno lingine unaweza kuuliza: wenzako wametoka upande wa mto Main?

Jina la kazi lina tabia nyingine: huzaliwa mara nyingi. Kila mji wenye mizabibu uliweza kumzaa Rebmann wake, na Rebmann wawili wakikutana si ndugu hadi vitabu viseme. Jina la kijiji kidogo au shamba moja la milimani huenda limezaliwa mara moja tu, na hapo watu mia wote ni mti mmoja. Hiyo ndiyo raha ya jina la nadra la mahali.

Na majina ya mahali yana mzaha wao. Gerlinger ni mtu wa Gerlingen. Lakini Gerlingen kwenyewe nani atakuita Gerlinger, hali wote ni wa Gerlingen? Ni kama Mpemba. Pemba hakuna anayeitwa Mpemba. Ukivuka ukaja Mombasa ukafungua duka, ndipo unakuwa Mpemba na duka lako linakuwa la Mpemba. Kwa hiyo jina la mahali likikupeleka kwenye kijiji, usikichimbe kijiji chenyewe. Chimba vijiji vinavyokizunguka, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu.

Krapf, mwenzake Rebmann, alizaliwa 1810 Derendingen, leo ni sehemu ya mji wa Tübingen. Krapfen ni andazi la kukaangwa kwenye mafuta, ndugu wa mahamri, isipokuwa wao wanatia jamu ndani. Krapf anaweza kuwa mjukuu wa mkaanga maandazi. Ila katika Kijerumani cha zamani neno hilo hilo lilikuwa pia kulabu, kwa hiyo jina laweza kuwa la mtu mwenye kulabu au aliyepindika kidogo. Mimi, kama mtu wa Rabai, nimeamua ni mahamri, lakini hilo ni suala la tumbo, halina ushahidi. Wewe ukiandika historia ya jina lako andika zote mbili.

Miishio nayo inasema. -le ni Waswabia wa huku kwetu: Häberle, Eisele. -sen ni Schleswig-Holstein, ambako amri ya 1771 ilitaka watu waache kubadili jina kila kizazi. Wafrisia wa mwambao waliendelea na mtindo wa kuchukua jina la baba hadi amri ya Napoleon ya 1811. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye korido, maana sisi Wamijikenda jina linaruka hadi leo: mtoto anachukua la babu, Kahindi wa Charo wa Kahindi. Karani wa Napoleon angetukoma. Wayahudi wengi nao walipewa au kuchagua majina ya kudumu kwa amri, Austria mwaka 1787, Prussia 1812, kwa hiyo jina lililozuka ghafla kwenye miaka hiyo lisikushangaze.

Na -ow. Nilimwambia mzee mmoja mwenye jina la kuishia -ow kwamba bila shaka wazee wake ni Warusi. Alicheka hadi nikamletea maji. Ni Mecklenburg na Pomerania, lugha za Kislavoni za zamani zilizokuwa zikisemwa huko huko, na hiyo w haitamkwi kabisa.

Nembo ya ukoo usinunue. Zipo biashara zinazokuuzia ngao yenye simba na jina lako chini, imepigwa fremu. Nembo za Ujerumani ni za mtu fulani na uzao wake. Kufanana jina hakukupi haki nayo. Rafiki yangu mmoja amelipia simba, anamning'iniza sebuleni, na jina la mumewe ni la mfinyanzi.

Vitabu vyenyewe

Hadi hapa umepata wilaya, pengine kijiji. Kuanzia sasa ni wino.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874 na dola nzima tarehe 1 Januari 1876. Sehemu za magharibi ya mto Rhein zilianza mapema zaidi, tangu 1798, kwa sababu zilikuwa mikononi mwa Wafaransa. Vizazi hufungwa miaka 110, ndoa 80, vifo 30. Muda ukipita, vitabu huhamia kwenye nyaraka za mji na yeyote anaweza kuomba. Kabla ya muda kuisha lazima uthibitishe wewe ni wa damu. Ndiyo maana nawaambia watu waanze na vifo: hufunguka upesi, na cheti cha kifo mara nyingi hutaja alikozaliwa marehemu na wazazi wake.

Nyuma ya hapo ni kanisa. Vitabu vya Walutheri vingi viko kwenye tovuti ya Archion, ambayo unalipia. Vya Wakatoliki vingi viko kwenye tovuti ya Matricula, ambayo ni bure. FamilySearch nayo ni bure, ila picha nyingine hufunguka ukiwa kwenye kituo chao tu. Archion lipia mwezi mmoja, na usilipie kabla hujaandika maswali yako yote. Mimi mara ya kwanza nililipia, nikashikwa na zamu sita mfululizo, mwezi ukaisha nimefungua kitabu kimoja.

Maandishi yatakutisha. Ni mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambamo e inafanana na n, na u hutofautishwa kwa kijipinde juu yake. Usijaribu kusoma ukurasa. Andika jina lako kwa Kurrent kwenye karatasi, mara ishirini, hadi mkono uzoee, kisha pitisha jicho ukitafuta umbo hilo. Kwa siku tatu sikuona kitu. Siku ya nne Rebmann aliruka kutoka kwenye ukurasa kama mtu unayemjua sokoni.

Württemberg imebarikiwa. Vitabu vya kanisa viliamriwa 1558, na kuanzia 1808 kila parokia ilitunza daftari la familia, ukurasa mmoja baba, mama na watoto wote, na huyu kaenda Amerika. Zaidi ya hayo kuna karatasi za mirathi, Inventuren und Teilungen: mtu alipooa au kufa, karani aliingia nyumbani akaandika kila kitu, sufuria, mashuka, mapipa, vipande vya mizabibu. Idadi ya watu wa jina lako utaipata kwingine. Waliishije, utaipata humo.

Tarajia shimo karibu na 1634. Baada ya mapigano ya Nördlingen, katika Vita vya Miaka Thelathini, majeshi yaliisambaratisha Württemberg, vitabu vikachomwa, vijiji vikabaki watu wachache. Amani ilipopatikana 1648, wahamiaji wengi waliingia kutoka Uswisi kujaza mashamba. Kwa hiyo jina la nadra linaloanza ghafla kijijini miaka ya 1650 litafutie Uswisi. Wao wana kitabu cha majina ya koo kinachoonyesha kila ukoo uliokuwa na uraia wa kijiji fulani mwaka 1962, na tangu lini. Sijaona nchi nyingine iliyojipanga hivyo.

Kwa waliokwenda Marekani, ofisi ya sensa ya huko imetoa orodha ya majina ya ukoo ya 2010, majina 162,253, yote yenye watu 100 au zaidi. Jina lako lisipokuwemo, umejifunza kitu: huko hawafiki mia. Likiwemo, ile namba imetoka kwenye kuhesabu vichwa, kwa hiyo iamini kuliko ya simu.

Kijana wa Tanga bado tunahangaika naye. Nyuma ya picha pana herufi saba, na ya nne sijui ni e au n. Nimeandika majina yote mawili kwa Kurrent, mara ishirini ishirini, na Jumanne nina zamu ya usiku.